Droo ya Kumi na Mbili

Januari, Saskachewani. Nje ni nyuzi thelathini na moja
chini ya sifuri, na upepo unasukuma mlango
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Ndani tuna meza moja:
ya uji, ya hesabu, ya ramani,
ya chai ya Lubomir akirudi kubembeleza trekta isiyotaka kuwaka.
Asubuhi tunakula juu ya Asia.
Bakuli limeacha duara la maziwa palipo Mongolia
na Daryna anasema ni ziwa, liachwe.

Nilichoka kutafuta.
Mkasi ulipotea siku ya kukata,
gundi ikaonekana ilipokwisha kuwa jiwe.
Sehemu tulizichonga kwenye trei za mayai,
nusu, theluthi, robo,
na sudusi moja aliyoitafuna mbwa.

Basi nikaenda mnadani, mjini,
nikanunua kabati la duka la misumari lililofungwa:
droo kumi na mbili, vishikizo vya shaba,
harufu ya chuma isiyotoka hata kwa siki.
Usiku, watoto wamelala, nikakata karatasi za rangi,
nikaandika kwa mwandiko wa mwalimu niliyetaka kuwa:
HESABU. HISTORIA. MIMEA. KUSOMA.
RANGI NA BRASHI.
Kumi na moja zikapata majina.
Ya kumi na mbili usingizi ulinikuta nayo mkononi.

Siku nne. Kabati lilitii siku nne.

Ya tano nafungua HISTORIA: kipimajoto.
Nafungua MIMEA: rula, na soksi moja.
KUSOMA ina mawe matatu ya mtoni,
na ndani ya HESABU, Mungu wangu, barua za bibi Paraska
nilizozifunga kwa utepe, mwenyewe, kwa mkono huu.
"Ostap!"
Jina lilinitoka na mvuke, kama birika.

Akaja na suruali ya kulalia. Miaka saba, pengo mbele.
Hakukana kitu.
Kipimajoto ni cha bibi Paraska, alisema,
kwa sababu mwaka wa kwanza walilala ndani ya shimo
lililoezekwa kwa nyasi, na kitabu hakisemi
baridi ilikuwa kiasi gani.
Rula? Haragwe linakua. Lisipopimwa litajuaje?
Mawe? Kitabu cha mto hakina mto ndani.
Na barua: hii imetoka kwao tarehe tatu Machi,
imefika hapa tarehe tatu Juni,
siku tisini na mbili, mama. Nimehesabu kwa vidole, mara tatu.
Soksi, alikiri, ni soksi tu.

Nikakaa sakafuni. Sakafu ilikuwa barafu.
Asiyefunzwa na mamaye, watu husema,
wakanyamaza kuhusu mama
anayefunzwa na mwenye pengo.

Sikushindwa kabisa. Barua zilirudi kwenye utepe wake.
Lakini tumetundika daftari kwa uzi,
na penseli, na sheria moja ya kukopa:
*Historia imekopesha Hesabu barua sita.*
*Mimea inadaiwa rula.*
Jana Lubomir aliandika, kwa vidole vyenye grisi,
*Nani ana koleo langu?*
Chini yake Daryna: *Rangi na Brashi. Usiulize.*

Naye Daryna ndiye aliyeibatiza ile droo ya mwisho
bila kunishauri. Karatasi ya njano: BADO.
Mna ufunguo usio na mlango,
bawa la kipepeo, sudusi yenye alama za meno,
na swali langu mwenyewe la zamani, limekunjwa mara nne,
ambalo sikumwambia mtu nimeliweka.

Usiku huo tulishuka na tochi kwenye shimo la viazi,
mimi na Ostap, makoti juu ya nguo za kulalia.
Tukangoja kwa dakika kumi, bila kusema.
Nyuzi mbili juu ya sifuri, akaandika.
Akafikiri. Akafuta.
Akaniambia nisipumue karibu, akapima tena.